Watu Ambao Mbwa Hawawabwekei

Ijumaa nilirudisha funguo za ofisi, nikanywa soda mliyoninunulia, nikakata keki iliyoandikwa jina langu vibaya, nikaenda nyumbani. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimeshavaa viatu ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Nikavivua, nikaketi mezani, nikaanza kuwaandikia ninyi mliobaki. Najua hamkuniomba. Mlichoniomba ni namba ya yule fundi wa mabomba, na nimeshawatumia.

Habari za vyeo sitaandika, kwa sababu ofisi yetu haikuwa na vyeo. Ilikuwa na Mzee Njoroge, na ilikuwa na sisi wengine. Za mshahara nazo sitaandika, mnaujua. Nataka kuandika juu ya jambo moja ambalo wateja hawapendi kulisoma na maajenti hawapendi kulisoma mbele yao: ile sehemu ya mkataba inayosema ajenti wa nyumba atalipwa nini, lini, na kwa kazi gani. Nimewaona mkiipitia mbio mbio, kidole kikiruka mistari, kisha mkimpa mteja kalamu. Mzee Njoroge, mwalimu wangu, angewanyang'anya hiyo kalamu.

Siku ya kwanza nilifika ofisini na cheti cha kupiga chapa na viatu vipya. Ofisi ilikuwa mtaa wa Umoja, huku Eastlands mashariki mwa jiji, ghorofani, juu ya duka la vyuma, na mpaka leo nikisikia mtu akikata nondo huwa nafikiri nimechelewa kazini. Mwenye ofisi alikuwa Mzee Njoroge, mtu mfupi wa Murang'a aliyetafuna tangawizi mbichi kutwa nzima. Hakuuliza cheti. Alinitazama miguu.

"Hivyo viatu vitakufa," akasema.

Taipureta hata sikuonyeshwa. Nilipewa ubao ulioandikwa NYUMBA INAUZWA, nyundo na waya, nikaambiwa niende nikautundike kwenye geti moja mtaa wa Lucky Summer. Nilikuwa sijamaliza kufunga waya wa pili watu wakaanza kukusanyika. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni aliusoma ubao kwa sauti, kisha akaniuliza mimi, "Kwani wanahama? Na hawajatuambia?" Msusi akatoka saluni ya jirani na kitana mkononi. "Ni ngapi? Si wangeniambia, sista yangu anatafuta nyumba hapa hapa." Mwenye nyumba alichungulia dirishani, akafunga pazia.

Nilirudi ofisini nimefurahi. Nikamwambia Mzee kwamba hata kabla ya kumaliza kutundika nilikuwa na wateja.

"Hao si wateja wako," akasema. "Hao ni majirani. Ubao umewaambia jambo ambalo mwenye nyumba aliona haya kuwaambia."

Sikumwelewa. Nilifikiri ananinyima sifa, jambo alilolifanya mara nyingi na kwa bidii.

Viatu vilikufa kweli. Nikanunua gambuti za mvua za Aprili, maana ukimpeleka mteja kuona nyumba Eastlands lazima uvuke mitaro kabla ya kufika kwenye sebule. Nikanunua tepu ya kupimia na tochi ya kukagulia dari. Lakini kifaa nilichokitumia kuliko vyote kilikuwa biskuti. Mbwa wa mitaa yetu wana chuki ya pekee kwa maajenti. Mwizi anaweza kupita wakanyamaza, lakini mtu aliyebeba faili hapiti. Niling'atwa mtaa wa Fedha, nikachaniwa sketi Umoja, na tangu hapo sikutoka ofisini bila pakiti ya biskuti mfukoni. Ninyi vijana mnabeba simu mbili, na huwa nawaonea huruma.

Kusoma mkataba nilifundishwa na Mzee Njoroge mwenyewe, na alinifundisha kwa kuanzia nyuma. Aliniwekea mkataba mezani, nikaanza ukurasa wa kwanza kama mtu yeyote. Akaugeuza.

"Ukurasa wa kwanza umeandikwa wa kukukaribisha," akasema. "Anza pale unapotolewa pesa mfukoni."

Kisha akanipa sharti ambalo sikuwahi kulivunja. Kifungu cha malipo usimwachie mteja asome peke yake. Msomee, tena kwa lugha anayogombania akiwa na hasira, kwa sababu hiyo ndiyo lugha atakayokujia nayo mambo yakiharibika. Mikataba yetu iliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Watu wa kwetu Ukambani niliwasomea kwa Kikamba, wa kutoka Nyeri na Murang'a aliwasomea Mzee kwa Kikuyu, na waliobaki tuliwasomea kwa Kiswahili. Ukimaliza, mteja akueleze kwa maneno yake amesikia nini. Akishindwa, rudia. Kuna mzee mmoja seremala niliyemsomea tena na tena mpaka chai ikapoa, na mwisho akaniambia, "Kumbe mnalipwa hata nikikosa kuuza!" Ndiyo, nikamwambia, kwa jinsi kilivyoandikwa hapa. Tukakibadilisha hapo hapo.

Hicho ndicho cha kwanza cha kutazama: ajenti anapata haki ya kulipwa wakati gani? Mikataba mingine inasema ada inadaiwa mara tu ajenti anapomleta mtu aliye tayari na mwenye uwezo wa kununua. Haisemi akinunua. Inasema akipatikana. Namkumbuka dereva mmoja wa Fedha aliyeipa ofisi nyingine nyumba yake iiuze, mnunuzi akakwama na benki, mauzo yakafa, na bado ofisi ile ikamwandikia kudai ada. Alikuja kwetu na ile nyumba yake bado ni yake, na deni juu. Kwa hivyo mwenye kuuza aombe iandikwe wazi kwamba ada italipwa pesa za mauzo zikishafika kwa wakili wake, na mauzo yakifa bila kosa lake halipi.

Halafu gharama za matangazo. Picha, ubao, gazeti, siku hizi na mitandao: je, ziko ndani ya ada au zinakuja kando? Na kodi inayotozwa juu ya ada, iko ndani au itaongezwa mwishoni wakati kila mtu ameshapiga hesabu yake? Uliza kabla. Swali dogo likiulizwa mapema haligombanishi mtu.

Muda nao. Nimeona mkataba usio na tarehe ya mwisho, yaani mtu amejifunga na ajenti kama ndoa ya kanisani. Lazima uwe na mwisho. Na hata ukiisha, mingi ina mkia: ukija kumuuzia mtu ambaye ajenti alikuwa amemleta, katika miezi fulani baada ya mkataba kufa, bado unamlipa. Wateja hukasirika hapo, lakini mimi huutetea huo mkia. Bila huo, kila mnunuzi angejificha nyuma ya kioski akingoja tarehe ipite. Mwenye nyumba aombe tu kwamba siku mkataba unapoisha, ajenti amwandikie majina ya aliowaleta, basi, asije akavumbua wengine baadaye.

Lililo gumu kuliko yote nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo lililonipa kesi ninayotaka kuwasimulia. Kuna mkataba ambao kila broka anaruhusiwa kutafuta, anayemleta mnunuzi ndiye analipwa. Faida yake ni uhuru, na hasara yake ni kwamba siku ya kulipa utawaona mabroka ambao hujawahi kuwaona, kila mmoja akiapa mnunuzi ni wake. Kuna mkataba wa ajenti mmoja: hakuna ofisi nyingine, lakini wewe mwenyewe ukipata mnunuzi wako, hulipi ada. Na kuna ule unaompa ajenti haki ya kuuza peke yake. Huo, hata ukimuuzia shemeji yako mezani kwako, ajenti analipwa. Hii miwili ya mwisho inafanana sana ukiisoma haraka. Ofisi yetu ilitumia huo wa tatu.

Mama Ndunge alikuja kwetu akitoka mtaa wa Tena, na nilikuwa tayari nimezeeka kazini. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amefariki na kumwachia nyumba ya vyumba vitatu mbele na chumba cha kupangisha nyuma. Alikuwa amemwachia pia nyumba nyingine kijijini upande wa Machakos, iliyofika kwenye linta ikasimama. Kuta bila paa. Mvua zilikuwa zimeanza kuzila hizo kuta, na Mama Ndunge alitaka kuuza ile ya Tena, aezeke, aende akaishi kwake akiwa bado ana nguvu za kulima. Hakutaka kingine. Aliniambia hivyo mara tatu, akinishika mkono kila mara.

Nikamsomea mkataba kwa Kikamba. Akanirudishia vizuri kabisa kwamba sisi tu ndio tutauza, na hata mtu mwingine akileta mnunuzi, sisi tutalipwa. Nikamuuliza kama kuna mtu yeyote ambaye tayari anaitaka nyumba. Akasema hakuna.

"Wapangaji umewaambia?"

Akatazama kikombe chake. "Nitawaambia."

Aliniomba nitundike ubao siku ya mkutano wa akina mama wa kanisa, yeye akiwa hayupo. Nikautundika. Mbwa wa pale, jike la rangi ya mchanga ambalo marehemu aliliita Bosco na hakuna aliyethubutu kulibadilisha jina, alinibwekea tangu waya wa kwanza hadi wa mwisho. Nikampa biskuti. Akala, akaendelea kubweka.

Siku chache baadaye akapiga simu mwanamke mwenye sauti ya chini chini. Aliuliza bei, akauliza kama anaweza kuona nyumba Alhamisi mchana. Alhamisi mchana nilijua Mama Ndunge huwa kanisani, nikaona ni sawa, hatutamsumbua. Tukakutana kwenye duka la dawa karibu na steji ya matatu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kitambaa kichwani, akanisalimia, "Sasa auntie," kisha tukaanza kutembea.

Alitembea mbele yangu. Nikafikiri ana haraka. Kwenye kona akakata kushoto kabla sijamwelekeza. Kwenye geti akaingiza mkono katika tundu, akainua komeo kwa kidole kimoja, komeo ambalo mimi lilinishinda mpaka nikafundishwa. Bosco akainuka. Nikatia mkono mfukoni kutafuta biskuti. Bosco akanipita kama sipo, akamwendea yule mwanamke, akamramba mkono huku nyuma yote ikitikisika, halafu akanigeukia mimi akaanza kubweka.

Tuliingia ndani. Kila mnunuzi wa Eastlands huuliza maji yanakuja siku gani. Huyu hakuuliza. Alisimama katikati ya sebule akauliza jambo moja tu. "Hiyo bei inaweza kushuka?" Kabla sijajibu, msichana mdogo aliyevaa sare ya shule akaja mbio kutoka nyuma. "Mami! Kwani leo umefunga mapema?"

Yule mwanamke akaketi kwenye ngazi ya mlangoni.

"Auntie, tafadhali, usimwambie Mama."

"Wewe unaishi hapa?"

"Hapo nyuma. Tangu tuoane na Kamau." Jina lake lilikuwa Wambui. Aliuza nguo za watoto sokoni, na mumewe Kamau alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Lile geti lenye komeo gumu lilikuwa kazi ya mikono yake.

"Sasa kwa nini upigie ofisi simu badala ya kubisha huu mlango?"

Akanitazama kama mimi ndiye sielewi mambo. "Nitamuuliza aje, auntie? Huyu ndiye alinishikia mtoto nikilazwa. Kodi ikichelewa ananiambia, tafuta polepole. Sasa nimwendee nimwambie, Mama, niuzie nyumba yako? Si ataona namfukuza? Nikasema wacha niulize kwa namba, kama mtu wa nje. Ikiwa ni kubwa sana, tunanyamaza, tunahama na heshima yetu."

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na sijui kama kuna mahali pengine mtu anapanga foleni na wageni kwenda kuona nyumba ambayo sufuria zake zimo. Nilitaka kucheka. Nilimtazama uso nikaacha.

Sikulazimika kumwambia mtu chochote, kwa sababu Mama Ndunge alirudi tukiwa bado pale. Aliingia getini na mkoba wake na Biblia, Bosco akimzunguka miguuni.

"Mwende, umeleta mteja?"

"Ndiyo, Mama."

"Yuko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Mama Ndunge alimtazama Wambui, akanitazama mimi, akatazama tena ngazini. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaweka mkoba chini, akaketi kando ya Wambui, na pale pale kicheko kikageuka kilio.

"Mimi ndiye nilishindwa kuwaambia," akasema. "Kila asubuhi natoka nikisema leo, halafu huyu mtoto ananiita susu, naingia ndani tena. Nikasema wacha ubao uwaambie." Watoto wa Wambui walikuwa Wakikuyu watupu, lakini nyanya yao wa pale nyumbani walimwita susu kwa Kikamba safi, na sasa yule wa sare alikuwa amesimama akiwatazama wanawake wawili wakilia bila kuelewa nani amekufa.

Jioni Kamau alikuja na masizi usoni. Walikaa wakapiga hesabu ya mkopo wa sacco na akiba, wakakaribia lakini hawakufika. Mama Ndunge akashusha bei, akafikiri, akashusha tena, mpaka pale ambapo kilichobaki kingetosha paa, milango na madirisha ya kule nyumbani, na si zaidi. Wakapeana mikono. Halafu wote watatu wakanigeukia. Nilikuwa nimekaa pale na mkataba kwenye faili, na kifungu nilichokisoma mwenyewe kwa Kikamba kilisema ofisi yangu ilipwe ada kamili. Akilipa Mama Ndunge, hakuna paa. Wakiongeza akina Kamau, sacco haifiki. Mimi nikainua kikombe kilichokuwa hakina chai.

Kesho yake nilimweleza Mzee Njoroge.

"Mkataba unasemaje?"

"Unasema tulipwe."

"Basi." Akaendelea na tangawizi yake.

Msimwone mbaya. Kodi ya ofisi ilitoka kwenye ada, na mshahara wangu pia. Isitoshe, alikuwa na hoja. Mnunuzi nilimwonyesha nyumba mimi. Simu iliyopigwa ni yetu, kutoka kwenye ubao wetu. Na alikuwa ameshachezewa: kule Fedha mwenye nyumba mmoja alimleta binamu yake na godoro, akatuapia kwamba ni mpangaji wa zamani, ili tu akwepe ada. Godoro lenyewe lilikuwa bado na karatasi ya dukani.

"Nikiacha huyu," akasema, "kesho kila mtu ataniletea mpangaji. Nitamjuaje wa kweli?"

Hapo nilikasirika, na nikikasirika huwa nasema lililo karibu na mdomo. "Mzee, Bosco alimramba mkono! Mimi nimemlisha biskuti pakiti nzima na bado ananibwekea kama mwizi!"

Akaacha kutafuna. "Bosco ni nani?"

Nikamweleza yote, kona, komeo, mkia. Akarudi kwenye tangawizi yake. Lakini asubuhi iliyofuata alivaa koti lake, akaniambia twende Tena.

Alisimama nje ya geti akashika vyuma vyake. Bosco akaja kwa hasira, akambwekea mpaka mate yakaruka. Wambui akatokea na beseni la nguo, akamwambia, "Nyamaza wewe," Bosco akanyamaza. Wambui akaenda kuanika, Bosco akarudia kubweka. Kamau akapita na baiskeli, kimya. Mtoto akaja, akamvuta Bosco masikio, akamkalia mgongoni, na mbwa akalala chali. Mzee Njoroge alisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, ameshika geti alilolitengeneza mnunuzi.

"Mwende," akasema mwishowe, "siwezi kudai kwamba nimemleta mtu ambaye mbwa wa hapa anamjua kuliko mimi."

Kisha, kwa sababu alikuwa Mzee Njoroge, akaongeza, "Lakini kazi ya karatasi watanilipa."

Na walimlipa, kwa haki. Ada ndogo ya kazi tuliyoifanya kweli: kuchunguza hatimiliki kwenye ofisi ya ardhi, kwenda na Mama Ndunge kwa wakili, na ubao. Mama Ndunge aliposikia hivyo alimshika Mzee mikono yote miwili akaanza kumshukuru, akasema hahitaji maandishi, neno la Mzee linamtosha. Mzee akakataa kabisa.

"Usiniamini," akamwambia. "Nikifa leo, mwanangu atasoma kilicho kwenye karatasi, hatasoma moyo wangu."

Hapo pana funzo kubwa, na nawaomba mlichukue kama lilivyo. Mabadiliko ya ada yaandikwe, pande zote mbili zitie saini na tarehe, na yafanywe kabla ya mkataba wa mauzo kutiwa saini. Baada ya hapo kila mtu ameshaona pesa, na mtu aliyeona pesa huanza kukumbuka mambo kwa namna nyingine.

Tangu siku hiyo mkataba wetu ukapata kifungu kipya. Wakili alikiandika kwa maneno yake marefu, lakini ofisini sote tulikiita kifungu cha Bosco. Kinasema kwamba watu wafuatao, na hapo yanafuata majina, walijulikana kwa mwenye nyumba kabla ya sisi kuja, na akiwauzia hatulipwi ada kamili bali ile ya karatasi tu. Majina yanaandikwa kabla ubao haujatundikwa. Na kwa kuwa wenye nyumba hawawezi kuwafikiria watu walio karibu sana, tuliacha kuwauliza tu. Tulikwenda. Unafika, unakunywa chai, unakaa karibu na geti, unaangalia nani anaingia bila kubwekewa. Kama hakuna mbwa, angalia watoto wanamkimbilia nani. Nimeandika majina ya watu ambao mwenye nyumba alishangaa kuwasikia: mama wa mboga, kinyozi wa mkabala, mwalimu aliyepanga chumba cha nje. Kisha unamwambia mwenye nyumba awaambie hao kwa mdomo wake, wiki hiyo hiyo. Wengi hulia kidogo. Halafu mara nyingi mmoja wao husema, hata mimi nilikuwa naitamani.

Mlipokuja kazini mlikikuta kifungu hicho, mkaniuliza kama hakitatuua kwa njaa. Hakikutuua. Yule mama wa mboga alituletea nyumba ya dada yake. Kinyozi alituletea mbili. Mzee Njoroge amerudi Murang'a, mtoto wake ndiye bosi wenu, na bado mna kazi nyingi kuliko viti. Namshukuru Mzee kwa hilo, na nilimwambia nilipompigia simu. Akaniuliza kama nimerudisha tochi.

Jumamosi iliyopita, barua hii ikiwa bado mezani, nilialikwa Tena. Wambui alipika, Kamau alikuwa amejenga chumba kingine, na Mama Ndunge alikuwa ameteremka kutoka Machakos na mfuko wa ndengu na picha za nyumba yake kwenye simu. Paa la bati jekundu. Alinionyesha paa hilo kutoka pande zote, hata kutoka nyuma ambako kuna choo tu, na nikalitazama lote kwa sababu nililipenda.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Kwanza nilifika getini peke yangu, nikaingiza mkono kwenye tundu, nikainua komeo. Bosco alikuwa amelala kivulini, amezeeka, mdomo umekuwa mweupe. Kamau alimjengea kibanda, na nikaona paa lake ni ule ubao wetu, umegeuzwa maandishi yakawa ndani. Nikatia mkono mfukoni. Hakukuwa na biskuti. Nilikuwa nimestaafu, nikaacha kununua.

Bosco akainua kichwa. Akanitazama. Akarudisha kichwa chini juu ya miguu yake, akafumba macho.

Nilisimama pale. Wambui akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Auntie, ingia basi. Unangoja nini?"

"Nangoja abweke."

Akamtazama Bosco, akanitazama mimi, akaanza kucheka, na mimi machozi yakanitoka hapo hapo getini, mtu mzima mwenye mkoba wa kwendea kanisani.

"Siku mkitaka kuuza hii nyumba," nikamwambia, "hakikisheni ofisi imeandika jina langu kwenye kifungu."

"Hatuuzi," akasema Wambui, akafungua mlango wote.